Sandford Fleming: injinia aliyeachwa na treni kwa sababu ya herufi moja

Mwaka 1876, injinia mmoja wa reli alifika kwenye stesheni ndogo ya Bandoran, kule Ayalandi, kupanda treni. Kitabu cha ratiba kilisema treni inaondoka saa 5:35 p.m. kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa 11 na dakika 35 jioni. Alifika mbele ya wakati, akangoja. Treni haikutokea. Kumbe ilikuwa ya saa 11 na dakika 35 alfajiri, na ilikuwa imekwenda zamani. Waliochapa kitabu walikosea herufi moja tu: mahali pa a.m. waliweka p.m. Mgeni akalazimika kungoja mpaka kesho yake.

Jina lake lilikuwa Sandford Fleming. Mtu mwingine angelalamika kidogo, kisha angesahau. Yeye alirudi nyumbani na swali: kwa nini saa moja ihesabiwe mara mbili kwa siku, mpaka herufi moja iweze kumpotezea mtu safari? Swali hilo lilimfanyisha kazi miaka mingi. Na leo, kila simu inayobebwa mfukoni kule Uvira, Baraka ao Kalemie inatumia sehemu ya jibu lake.

Kijana wa Kirkcaldy

Fleming alizaliwa tarehe 7 Januari 1827 katika mji wa Kirkcaldy, pwani ya Uskoti. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kupima ardhi. Mwaka 1845, akiwa na miaka 18, alipanda meli pamoja na ndugu yake David kwenda Kanada, ambayo wakati ule ilikuwa bado makoloni ya Waingereza.

Kazi haikupatikana haraka. Ilimbidi kungoja mpaka mwaka 1849 ili apate ruhusa ya kupima ardhi kule. Mwaka huohuo alikuwa kati ya watu walioanzisha Canadian Institute mjini Toronto, chama cha watu wa elimu na ufundi. Mwaka 1851 alichora stempu ya kwanza ya posta ya Kanada. Badala ya kuweka uso wa malkia, alichora biva, mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa.

Kisha reli ikamchukua. Alikuwa injinia mkuu wa reli ya Intercolonial, ile iliyounganisha majimbo ya pwani ya mashariki na Quebec, ikamalizika mwaka 1876. Kwenye kazi hiyo aligombana na wakubwa wake juu ya madaraja. Wao walitaka ya mbao, juu ni ya bei ndogo. Yeye alitaka ya chuma, na mwishoni alishinda. Wakaaji wa Uvira walioona mto Mulongwe ukifurika mwezi wa Aprili 2020 na kubeba nyumba na madaraja wanaweza kuelewa kwa nini mtu angekataa kunyamaza juu ya jambo kama hilo.

Tangu 1871 alipewa pia kazi ya kutafuta njia ya reli itakayovuka Kanada yote mpaka bahari ya Pasifiki. Mwaka 1872 yeye mwenyewe alisafiri njia hiyo toka bahari moja mpaka nyingine, kwa farasi, kwa mtumbwi na kwa miguu. Lakini kazi ilikwenda polepole, gharama zikapanda, na mwaka 1880 aliondolewa.

Kila mji na saa yake

Ili kuelewa shida iliyomsumbua Fleming, ni lazima kukumbuka namna watu walivyohesabu saa wakati ule. Kila mji ulifuata jua lake. Jua likifika kati ya mbingu, ni adhuhuri ya mji huo. Mji jirani, upande wa magharibi, adhuhuri yake inachelewa kidogo.

Hesabu yake si ngumu. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa masaa 24, maana yake nyuzi 15 kwa saa moja, ao uzi mmoja kwa dakika 4. Uvira iko karibu na nyuzi 29 mashariki mwa Greenwich, na Kinshasa karibu na nyuzi 15. Tofauti ni nyuzi 14 hivi, kwa hiyo jua linafika Uvira karibu dakika 56 mbele ya kufika Kinshasa. Kama kila mji ungebaki na saa ya jua lake, Kalemie, Kindu, Kisangani na Mbandaka kila moja ingekuwa na dakika zake.

Kwa mtu anayetembea kwa miguu, hilo si tatizo. Kwa treni ni hatari. Kule Amerika ya Kaskazini, makampuni ya reli yalitumia makumi ya masaa tofauti. Msafiri anayebadilisha treni mara tatu angeweza kukuta saa tatu zisizopatana kwenye stesheni moja.

Fleming aliona shida mbili ndani ya shida hiyo. Ya kwanza: saa moja inasemwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Ya pili: saa moja ya mji huu si saa moja ya mji ule. Mtu akiandika saa bila kueleza mambo hayo mawili, maandishi yake yanaweza kumaanisha nyakati nyingi.

Dawa yake ilikuwa hivi. Siku ihesabiwe kwa masaa 24 mfululizo, bila kugawanywa mara mbili. Dunia igawanywe kwa kanda 24, kila kanda nyuzi 15. Juu ya zote iwepo saa moja ya dunia nzima, ambayo mtu popote alipo anaweza kuitumia. Ili watu wasichanganye saa hiyo na ile ya mji wao, alipendekeza masaa yake yaitwe kwa herufi za alfabeti. Mwaka 1879 alisoma maandishi yake mbele ya Canadian Institute, na gavana wa Kanada akasaidia kuyatuma kwa serikali za nchi nyingine.

Hakuwa peke yake. Kule Marekani, mwalimu Charles Dowd alikuwa ametangulia kupendekeza kanda za saa kwa ajili ya reli. Na William Allen ndiye aliyepatanisha makampuni mpaka tarehe 18 Novemba 1883, siku ambayo reli za Marekani na Kanada zilianza kufuata kanda chache zilizo wazi. Wanaosema Fleming alivumbua kanda za saa yeye peke yake wanamzidishia sifa. Lakini kati yao, yeye ndiye aliyesukuma zaidi ili jambo hilo liwe la dunia nzima na si la reli peke yake.

Washington, kisha Berlin

Mwezi wa Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuamua mstari wa kuanzia kuhesabu. Fleming alikuwa mmoja wao, akiwakilisha Kanada ndani ya ujumbe wa Uingereza. Nchi 22 zilikubali mstari upite Greenwich, karibu na London. Moja ilikataa. Ufaransa na Brazili hazikupiga kura. Mkutano ulikubali pia kwamba kuwe na siku moja ya dunia nzima, inayoanza usiku wa manane wa Greenwich na kuhesabiwa toka 0 mpaka 24.

Lakini wajumbe hawakulazimisha nchi yoyote kubadilisha saa zake za kila siku, na hawakupitisha kanda 24. Herufi za Fleming ziliachwa pia. Alipata nusu ya alichotaka.

Wiki mbili baada ya mkutano huo kumalizika, tarehe 15 Novemba 1884, mkutano mwingine ulifunguliwa Berlin. Huko wakubwa wa Ulaya walipanga namna ya kugawana Afrika, na mwaka uliofuata Mfalme Leopold wa pili akatangaza Dola Huru la Kongo. Watu wa ziwa Tanganyika hawakuulizwa kule Berlin wala kule Washington. Mstari wa mpaka na mstari wa saa, yote miwili ilikuja toka mbali, karibu kwa wakati mmoja.

Miaka ya mwisho

Tarehe 7 Novemba 1885, reli ya kuvuka Kanada ilikamilika mahali panapoitwa Craigellachie. Picha ya siku hiyo inajulikana sana: kati ya watu waliozunguka msumari wa mwisho, mzee mwenye ndevu nyeupe ndefu na kofia ya juu ndiye Fleming. Waliomwondoa kazini walimkuta amesimama palepale reli ilipomalizika. Mwaka 1886, kampuni ya reli hiyo, Canadian Pacific, ilianza kutumia hesabu ya masaa 24, kati ya makampuni ya kwanza kufanya hivyo. Ufaransa ilifuata mwaka 1912.

Toka 1880 mpaka kufa kwake alikuwa mkuu wa heshima wa chuo kikuu cha Queen's, mjini Kingston. Mwaka 1897 malkia Victoria alimpa cheo cha Sir. Alipigania pia waya wa telegrafu upite chini ya bahari ya Pasifiki, toka Kanada mpaka Australia na Nyuzilandi. Waya huo ulikamilika mwaka 1902.

Alikufa Halifax tarehe 22 Julai 1915, akiwa na miaka 88. Mwaka huohuo reli ya toka Kabalo ilifika kwenye ziwa Tanganyika, kwenye mji ambao leo unaitwa Kalemie. Upande wa pili wa ziwa, reli ya toka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Ratiba za treni na meli, pamoja na shida zake zote za masaa, zilikuwa zimefika ziwani.

Kompyuta inapopanga masaa

Fleming hakuona kompyuta. Lakini kosa lililomwacha Bandoran linarudi kila siku ndani ya mashine hizo.

Chukua mfano wa kijana wa Uvira anayetengeneza programu ndogo ya kuonyesha masaa ya boti zinazotoka bandari ya Kalundu. Anaweka masaa ndani ya orodha, ile ambayo watu wa programu wanaita arei: 9:15, 14:30, 6:00, 10:00. Kisha anaiambia kompyuta iyapange. Kompyuta inamletea 10:00, 14:30, 6:00, 9:15. Boti ya asubuhi na mapema imekuwa ya tatu.

Mashine haijaharibika. Kwake yeye, haya si masaa. Ni maandishi, na inayapanga ginsi majina yanavyopangwa kwenye kitabu cha wanafunzi, kwa kuangalia alama ya kwanza, kisha ya pili. Alama 1 inatangulia 6, na 6 inatangulia 9. Basi chochote kinachoanza na 1 kinapita mbele, hata kama ni boti ya mchana.

Dawa ya kwanza ni kuandika kila saa kwa tarakimu mbili na kwa hesabu ya 24: 06:00, 09:15, 10:00, 14:30. Hapo mpango wa maandishi na mpango wa wakati vinakuwa kitu kimoja. Dawa ya pili ni kugeuza kila saa kuwa dakika tangu usiku wa manane. Zidisha saa mara 60, ongeza dakika. Saa 06:00 inakuwa 360, 09:15 inakuwa 555, 10:00 inakuwa 600, na 14:30 inakuwa 870. Namba kompyuta inazijua, haiwezi kukosea kuzipanga.

Saa ya Kiswahili ndani ya mashine

Kwa wasema Kiswahili kuna hatua moja zaidi. Uvira iko karibu na ikweta, jua linatoka karibu wakati uleule mwaka mzima, ndiyo maana kuhesabu tangu jua kutoka kunafaa: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Hesabu hiyo ina akili yake. Lakini nayo inataja kila saa mara mbili, na kinachotenganisha ni neno la mwisho tu: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri. Saa 11 na dakika 35, ile iliyomponza Fleming, hata kwa Kiswahili iko mara mbili.

Mpe kompyuta maandishi haya: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 11 jioni, saa 1 usiku. Itaweka saa 1 usiku mbele ya zote, kisha saa 11 jioni, kisha saa 2 asubuhi, na mwisho saa 8 mchana. Mwisho wa siku umekuwa mwanzo.

Njia ya kunyoosha ni hii. Kwanza, 12 ihesabiwe kama 0. Toka saa 12 asubuhi mpaka kabla ya saa 12 jioni, ongeza 6. Toka saa 12 jioni mpaka kabla ya saa 12 asubuhi, ongeza 18, na jibu likifika 24 ao likizidi, toa 24. Hivyo saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 11 jioni ni 17:00, saa 1 usiku ni 19:00, na saa 6 usiku ni 00:00. Anayesahau ile kanuni ya 12 atajikuta ameandika saa 12 asubuhi kuwa 18:00, na ataachwa na boti.

Si boti peke yake. Katika Kivu ya Kusini, ofisi, shule na hospitali zinaandika saa kwa Kifaransa. Mgonjwa akipewa karatasi yenye 8h, halafu mtu nyumbani akaisoma saa nane, dawa ya asubuhi itanywewa saa nane mchana, masaa 6 nyuma ya wakati wake. Muuguzi anayesema saa mbili asubuhi huku akionyesha 08h00 kwenye karatasi anafanya kazi ileile ambayo Fleming alitaka ifanywe na kitabu cha treni.

Ng'ambo ya ziwa

Shida ya pili ya Fleming, ile ya mahali, iko wazi kabisa kwenye ziwa Tanganyika. Majimbo ya mashariki ya Kongo yanatangulia saa ya Greenwich kwa masaa 2, sawa na Burundi na Zambia. Kinshasa inatangulia kwa saa 1. Tanzania inatangulia kwa masaa 3. Kigoma na Uvira zinaona jua karibu kwa wakati mmoja, lakini saa ya ukutani ya Kigoma iko mbele kwa saa nzima. Mfanyabiashara akiambiwa kwa simu toka Kigoma kwamba meli inapakia 10:00, kwake Uvira hiyo ni 09:00. Asipouliza ni saa ya wapi, atakuwa amechelewa.

Ndiyo maana programu nzuri hazipangi masaa ya miji. Zinageuza kwanza kila saa kuwa saa moja ya dunia, kisha zinapanga, kisha zinamwonyesha kila mtu kwa saa ya kwake. Zinaweka pia tarehe. Bila tarehe, zamu ya mlinzi inayoanza 19:00 na kumalizika 05:00 itapangwa kinyume, alfajiri mbele ya jioni iliyoitangulia. Kanuni ya kimataifa ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, inasema hivyohivyo: mwaka, mwezi, siku, kisha saa kwa hesabu ya 24, kila kitu kwa tarakimu zilizokamilika.

Herufi ambazo Fleming alitaka saa ya dunia iitwe kwazo hazikuingia katika maisha ya watu. Uingereza na Kanada bado wanasema a.m. na p.m. kila siku, na Uvira bado wanasema saa moja asubuhi, wala hakuna sababu ya kuacha. Kilichobaki cha kazi yake ni jambo dogo ambalo yeyote anaweza kulifuata, awe anaandika programu, tangazo la mazishi, zamu ya hospitali ao ujumbe kwa ndugu aliye Kigoma: saa iliyoandikwa ikamilike, iseme ni ya asubuhi ao ya jioni, ni ya siku gani, na ni ya wapi.